Kamera Ndogo ya Kidijiti Masisi na Walikale: Kuichagua, Kuitumia na Kuitunza

Kamera ndogo ya kidijiti ya bei nafuu ni kamera ya mfukoni yenye lenzi isiyobanduka, flashi ndogo usoni na kioo cha kutazamia picha mgongoni. Kamera za namna hii ziliuzwa kwa wingi duniani kati ya 2002 na 2008 hivi. Canon PowerShot A70 ya 2003, yenye megapikseli 3.2, ni ya kundi hilo. Vivyo hivyo PowerShot A520 ya 2005, Kodak EasyShare, Fujifilm FinePix za herufi A, na zile za bei ya chini miongoni mwa Nikon Coolpix na Sony Cyber-shot. Miundo hiyo leo haitengenezwi tena. Hupatikana kama mitumba, au huletwa na ndugu anayerudi kutoka ng'ambo.

Simu nayo inapiga picha, lakini kamera hii bado ina mambo matatu ambayo simu ya bei ya chini haina. Lenzi yake huvuta cha mbali karibu kwa vioo vyenyewe, mara 3 au 4, bila kuharibu picha. Flashi yake ni flashi ya kweli, inayogandisha mwendo na kumulika kundi la watu ndani ya kanisa lenye giza. Na nyingi kati yake hutumia betri za kawaida za AA, zile zinazoitwa pile sokoni, ambazo hubadilishwa kwa dakika moja. Kwa mpiga picha wa ndoa, ubatizo au sherehe ya shule katika kijiji kisicho na umeme wa shirika la SNEL, jambo hilo la tatu ndilo zito kuliko yote.

Masisi na Walikale, wilaya mbili za mashariki mwa Kongo, zina uhusiano na kifaa hiki kuliko wengi wanavyojua. Ndani ya kamera mna vikapasita vidogo vya tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani. Vipande vyote vya kielektroniki hugandishwa kwenye ubao wake kwa bati, na bati hutoka kwenye kasiterite. Mwishoni mwa 2000 bei ya tantalamu ilipanda ghafla duniani, na vijana wengi wa Masisi na Walikale waliacha mashamba wakaingia mashimoni; mwaka uliofuata bei ikaporomoka. Kisha ikafuata kasiterite ya machimbo ya Bisie, iliyobebwa vichwani kupita msituni hadi Ndjingala na Mubi, ikapakiwa kwenye ndege zilizotua juu ya barabara ya lami ya Kilambo, ambazo zilirudi na bidhaa za dukani. Haiwezekani kusema madini ya shimo fulani yaliingia katika kamera fulani, ila aina ya madini ni ileile. Mtu wa huku akishika kamera hii hana sababu ya kuiona kama kitu cha watu wengine.

Katika kuchagua, idadi ya megapikseli ndiyo inayotangulizwa na wauzaji, na ndiyo inayostahili kuangaliwa mwisho. Picha ya megapikseli 3.2 ina nukta 2,048 kwa 1,536. Ikichapishwa kwa ubora wa studio, nukta 300 kwa kila inchi, inafika sentimita 17 kwa 13. Picha nyingi zinazoagizwa na wateja ni za 10 kwa 15 au za pasipoti, kwa hiyo megapikseli 3 zinatosha na 4 ni ziada. Kinachopaswa kutangulia ni chakula cha kamera, yaani betri, na ghala lake, yaani kadi.

Kamera yenye betri yake maalumu ya pekee iachwe, hata kama ni nzuri na nyembamba. Betri hiyo ikichoka, na baada ya miaka zaidi ya 15 karibu zote zimechoka, mbadala wake haupatikani Masisi, na ukipatikana Goma huwa wa kuigiza. Kamera ya AA haina tatizo hilo. Kuhusu kadi, inayofaa ni kamera inayotumia SD. Kamera za Olympus na Fujifilm za miaka hiyo zilitumia kadi ya xD iliyoanza 2002, na Sony ilitumia Memory Stick. Kadi hizo zimekuwa adimu, na visomaji vyake pia. A70 na ndugu zake hutumia CompactFlash, kadi pana na imara, lakini studio nyingi hazina mahali pa kuichomeka. A520 hutumia SD.

Hata kwenye SD kuna mtego unaowapotezea watu fedha. Kadi za gigabaiti 4 na kuendelea ni za aina ya SDHC, iliyokuja 2006, na kamera za kabla yake hazizisomi kabisa. Kioo huandika tu kwamba kadi ina kosa, na mwenye kamera hudhani kamera imekufa. Kamera ya 2003 hadi 2006 inahitaji kadi ya gigabaiti 2 au chini, na baadhi hukataa hata hiyo 2 zikakubali 1. Kadi ndogo kama hizo hupatikana ndani ya simu za zamani: microSD ya gigabaiti 1 au 2 huwekwa ndani ya adapta yake na kufanya kazi kama SD ya kawaida. Ukubwa huo si dhiki. Picha ya megapikseli 3 yenye ubora wa juu hula kama megabaiti 1.5, kwa hiyo gigabaiti 2 hubeba picha zaidi ya 1,200.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni, kuna jaribio moja lisiloachwa, na sababu yake ni ya kihistoria. Oktoba 2005 kampuni kadhaa, zikiwemo Canon, Sony, Nikon, Fujifilm na Olympus, zilitangaza kwamba kamera zao nyingi zilikuwa na kasoro katika kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Vihisi hivyo vilitengenezwa na Sony, na viunganisho vyake vya ndani vilikuwa vikiachia vinapokaa kwenye joto na unyevu. PowerShot A60, A70 na A75 zilikuwamo kwenye orodha. Kampuni zilivitengeneza bure, hata kwa kamera ambazo muda wa dhamana ulikuwa umepita, lakini huduma hiyo imekwisha zamani. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Walikale mwaka mzima. Kamera ya aina hiyo iliyodumu salama katika nchi ya baridi inaweza kufa huku baada ya miezi michache.

Dalili ya ugonjwa huo ni rahisi kuitambua kwa anayeijua. Kamera inawaka, lenzi inatoka, picha za zamani zilizo ndani ya kadi zinaonekana vizuri kabisa kwenye kioo. Lakini ikigeuzwa kwenye kupiga, kioo kinakuwa cheusi, au kinaonyesha mistari ya zambarau na kijani, sura za watu zikiwa zimevutwa kama kitambaa kilicholowa. Muuzaji mjanja huwasha kamera upande wa kutazama picha tu. Mnunuzi aiwashe upande wa kupiga, apige picha kadhaa akiwa amesimama kivulini na nyingine juani, kisha aiache ikiwaka hadi ipate joto mkononi na apige tena, maana kihisi kinachoanza kuachia hufanya kazi kikiwa baridi na kugoma kikipata moto. Akiona rangi ya zambarau hata mara moja, aiache.

Jaribio la pili ni la lenzi. Iingizwe na kutolewa mara kumi hivi huku sikio likiwa karibu. Sauti ya mchanga unaosagwa ni onyo. Katika kamera za Canon za kipindi hicho lenzi iliyokwama hutoa maandishi ya kosa E18 kwenye kioo, na fundi anayeweza kulitibu kwa uhakika ni wa kutafutwa. Flashi nayo ipigwe mara tatu mfululizo, na mlango wa betri ukaguliwe: kifungo chake cha plastiki ndicho huvunjika kwanza, na kamera nyingi huishia kufungwa mpira.

Malalamiko ya wamiliki wengi kuhusu kamera hizi ni kwamba zinakula betri. Mara nyingi kosa ni la betri. Betri za bei ya chini za kaboni na zinki, zinazotosha redio kwa wiki kadhaa, haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mara moja. Kamera ikisukuma lenzi na kujaza flashi, nguvu yao huanguka na kamera hujizima baada ya picha chache. Betri za alkalini ni afadhali lakini nazo huchoka mapema. Zinazofaa ni za kuchajiwa za aina ya NiMH. Kila moja huandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, na watu huzikataa kwa kudhani ni dhaifu. Kumbe huishikilia volti hiyo karibu hadi mwisho, na ndiyo sababu seti moja yenye 2,000 mAh hupiga mamia ya picha. NiMH za zamani zilijimaliza zenyewe ndani ya wiki chache hata bila kutumika. Tangu 2005, Sanyo ilipotoa betri zake za Eneloop, kuna aina inayotunza chaji kwa miezi mingi, na hiyo ndiyo ya kununua.

Chaji yake haihitaji mtambo mkubwa. Betri nne za 2,000 mAh hubeba jumla ya saa-wati 10 hivi. Paneli ya sola ya wati 10 inaweza kuzijaza kwa nusu siku ya jua zuri, hata ukihesabu kinachopotea njiani. Katika siku za mawingu mazito, ambazo Walikale ni nyingi, ihesabiwe siku nzima au zaidi. Chaja ya volti 12 au ya USB ichaguliwe kuliko ile ya kuchomeka kwenye inveta, kwa sababu inveta hula sehemu ya umeme kabla haujafika. Kwa anayelipia chaji kwenye nyumba ya jenereta, seti mbili zenye alama, moja ikiwa kamerani na nyingine mfukoni, zinatosha sherehe ya siku nzima. Betri ya seti moja isichanganywe na ya nyingine: iliyochoka huzivuta nyingine chini.

Unyevu ndio adui mkubwa kuliko kuanguka. Barabara inayotoka Sake hupanda Mushaki, huzunguka vilima vya malisho vilivyo juu ya mita 2,000, kisha hupita Masisi na Nyabiondo na kuteremka kwenye msitu wa Walikale, ambao sehemu yake kubwa iko chini ya mita 1,000. Kamera iliyolala kwenye baridi ya Mushaki ikifunguliwa ghafla kwenye joto la bonde, mvuke hugeuka maji juu yake, na ndani yake pia, kwenye kihisi na ubao. Dawa ni subira tu: ibaki imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na ndani ya begi hadi ipate joto la mahali, nusu saa au zaidi, ndipo itolewe. Kwa maskani ya Walikale, ikae kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana pamoja na vifurushi vya silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya na vifaa vya umeme. Vifurushi hivyo hushiba maji. Kila baada ya wiki chache vikaushwe polepole juu ya bati lenye joto la wastani karibu na moto, visiguse mwali. Bila hivyo kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, na haiondoki kwa kufuta nje. Ngozi ni kifuko kibaya msituni, kwa sababu huotesha kuvu yenyewe.

Kwenye pikipiki kamera isikae mfukoni mwa nyuma wala kwenye begi lililofungwa juu ya chuma. Mtikisiko wa mawe hulegeza skrubu zake ndogo. Ikae kifuani, ndani ya nguo. Vumbi la Goma na Sake, lililotokana na mawe ya volkano, ni kali kama kioo kilichosagwa: lenzi ipulizwe kwanza, ndipo ifutwe kwa pamba safi. Kufuta kwa pindo la shati ndiko kunakoacha mikwaruzo.

Katika kupiga, kosa linaloonekana zaidi huku ni uso mweusi usiosomeka mbele ya anga jeupe. Kamera hupima mwanga wa eneo lote. Ukungu wa vilima vya Masisi unang'aa kuliko mtu aliyesimama mbele yake, basi kamera hupunguza mwanga na sura ya mtu huzama. Bibi harusi wa gauni jeupe humfanyia bwana wake vivyo hivyo. Njia ya kwanza ni kumgeuza mtu ili nyuma yake pawe na kitu cheusi: ukuta wa mbao, migomba, mlima wenye nyasi. Ikishindikana, flashi ilazimishwe kuwaka hata mchana, mpiga picha akiwa ndani ya mita 3, au kipimo cha mwanga kipandishwe hadi +1 kwenye menyu. Ni heri anga lipotee kuliko uso, kwa sababu mteja hulipia uso.

Flashi yenyewe ina mipaka. Hufika mita 3 hadi 4. Kupiga kwaya nzima kutoka mlangoni mwa kanisa kwa flashi hii kunatoa migongo ya walio mbele na giza. Mpiga picha asogee, apige kwa makundi. Tena kamera hizi huchelewa: kidole kinabonyeza, picha inakuja baada ya karibu nusu sekunde au zaidi. Kitufe kibonyezwe nusu kwanza hadi kamera ilie au taa ya kijani iwake, kisubiriwe kitendo, ndipo kimaliziwe. Anayekata keki au kuvishana pete aombwe kutulia kidogo, hakuna anayekataa.

Jambo jingine hugunduliwa studioni wakati muda umepita. Picha ya kamera hizi ina uwiano wa 4 kwa 3, lakini karatasi ya 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2. Mashine ikijaza karatasi, picha iliyopigwa kwa upana hupoteza sehemu moja ya tisa ya kimo chake. Watu waliopangwa hadi ukingo wa juu hukatwa vichwa, na wa mbele miguu. Nafasi iachwe juu na chini katika kila picha ya kundi, hata kama kwenye kioo inaonekana tupu.

Kadi isipelekwe studio yoyote ikiwa wazi. Kompyuta za umma hubeba virusi, na virusi huficha picha au kuziandika upya. SD ina kiswichi kidogo ubavuni; kikisukumwa upande wa kufunga, kompyuta nyingi husoma bila kuandika. CompactFlash haina kiswichi hicho, kwa hiyo picha zake zinakiliwe kwingine kwanza. Kadi isichomolewe taa ya kamera ikiwa bado inapepesa. Na picha zikifutwa kwa bahati mbaya, hatua ya kwanza ni kuacha kupiga kabisa: kilichofutwa bado kimo hadi kiandikwe juu yake, na programu ya bure iitwayo PhotoRec huweza kukirudisha. Tarehe nayo ikaguliwe kila betri zinapobadilishwa. Kamera iliyokaa bila betri huweza kusahau siku na kurudi mwaka wake wa kiwandani, na picha yenye tarehe ya uongo haisaidii anayeihitaji kama ushahidi wa mpaka wa shamba au nyumba iliyobomolewa.

Usalama wa mtu uko juu ya picha yoyote. Wanajeshi, barieri, madaraja, viwanja vya ndege na machimbo yenye walinzi havipigwi bila ruhusa ya wazi. Wilaya hizi zimepitiwa na mikono tofauti kwa muda mfupi: waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025, wakaingia mji wa Walikale Machi, kisha wakauacha mwezi uliofuata. Picha ya jirani aliyevaa sare, isiyokuwa na neno siku ilipopigwa, inaweza kumponza yeye na aliyeibeba kwenye barieri nyingine. Kabla ya safari picha zote zihamishiwe mahali salama na kadi ipangwe upya ndani ya kamera, ila ijulikane kwamba kupanga upya nako, kama kufuta moja moja, huweza kuacha mabaki. Kwenye kambi za waliohama makwao, watoto, waliojeruhiwa na wanawake waliodhulumiwa wasipigwe kwa sababu tu wamesimama mbele ya lenzi. Waulizwe, waeleweshwe picha itakwenda wapi, na wakikataa yaishe. Anayekubali apewe nakala ya karatasi. Familia iliyokimbia mara tatu au nne mara nyingi haina picha nyingine ya mzazi aliyefariki, na nakala hiyo ina thamani kwao kuliko kwa aliyeipiga.

Kamera ikiharibika, yapo yanayoweza kufanywa nyumbani: kusafisha vishikio vya betri vilivyoota kutu kwa pamba yenye spiriti, kubadilisha betri ndogo ya kidonge inayotunza saa, kupuliza vumbi pembeni mwa lenzi. Zaidi ya hapo kuna hatari ambayo vijana wanaojifunza ufundi hawaambiwi mapema. Kikapasita cha flashi, kile cha umbo la pipa dogo, hutunza umeme wa volti 300 hivi hata betri zikiwa zimetolewa tangu jana. Kukigusa kwa vidole au bisibisi tupu hurusha mkono na kuunguza, na kwa mwenye moyo dhaifu kunaweza kuwa kubaya zaidi. Asiyejua kukimaliza umeme kwa rezista yenye mpini wa plastiki asifungue kamera yenye flashi. Ile iliyokufa kihisi haistahili kulipiwa fundi: itolewe kadi, ibakizwe kwa vipuri vya mlango, vitufe na kioo. Betri zake zilizokwisha zisitupwe motoni wala shambani. Zikusanywe kwenye kopo kavu, mbali na watoto, hadi apatikane wa kuzishusha Goma.